Basi la Kumsindikiza Polandi

Uji ulikuwa bado unanung'unika ndani ya sufuria Dianah alipokuja akishuka ile barabara ya stage, simu ameiinua juu kama mtu anayetafuta network mbinguni. Dianah anauza mitumba hapa Ngoingwa, lakini sisi wa benchi tunamwita Saa Moja, kwa sababu taarifa ya saa moja ikisomwa jioni kwa TV, yeye huwa ameimaliza tangu asubuhi.

"Shosho, weka mwiko chini," akaniambia. "Canada imepatikana Ruiru."

Sikuweka mwiko chini. Uji wa wimbi ukiuachilia kidogo tu unashika sufuria, na wateja wangu ni watu wa kunusa kabla ya kuonja. Benchi langu linatosha watu wanne wakikaa kwa heshima, na sita kukiwa na stori. Asubuhi hiyo walikuwa watatu. Alikuwepo Njau, tunayemwita Mheshimiwa. Amegombea kiti cha wadi mara tatu, na mara ya tatu kura zake zilikuwa chache kuliko watu wanaokula kwake. Alikuwepo Mwangangi wa boda boda, tunamwita Gugo, kama ile Google ya simu, maana hakuna swali ameshawahi kulikosea jibu, hata kama jibu lenyewe si la swali hilo. Wa tatu ni Mutie, fundi wa tiles, kijana wa Ngoliba aliyepanga hapa juu. Yeye tangu Novemba tunamwita Polandi, kwa sababu huko ndiko alikuwa anaenda. Ndege ni Jumamosi. Kanisa limekodisha basi la kumsindikiza, na akina mama wa Jumuiya tumemnunulia koti la baridi na sanduku lenye magurudumu manne.

"Canada gani imepatikana Ruiru?" akauliza Mheshimiwa.

"Mnakumbuka nilisema kuna Waweru, yule alisindikizwa na matatu saba mwaka juzi? Wakamwombea, wakaimba, nyanya yake akazimia?"

"Alizimia mara mbili," akasema Gugo. "Ya kwanza haikuonekana vizuri kwa video."

"Huyo. Miezi kumi na nne wanajua ako Canada. Kumbe ako Ruiru, amepanga chumba kimoja, anaendesha boda."

Mheshimiwa akatua kikombe. "Hapana. Mimi niliona picha ya huyo kijana kwa theluji."

"Hii?" Dianah akamwekea simu puani.

Tukainama wote. Kijana amesimama amevaa glavu, weupe umemfika kwenye vifundo vya miguu, anacheka. Gugo akaivuta picha kwa vidole viwili, akaivuta tena, akanyamaza. Gugo kunyamaza ni jambo la kuandikwa.

"Saa Moja," akasema, "hii theluji iko na mguu."

"Ni manyoya. Alikuwa anapigia picha nyuma ya pale wanachinjia kuku."

"Na akipigiwa simu?" akauliza Mheshimiwa. "Si watu wangeskia Ruiru?"

"Alikuwa anasema ako kwa treni. Makanga wa matatu wakiita 'Kimbo, Kimbo, wawili wa haraka,' anaambia mamake hicho ni Kifaransa, Canada wanaongea hivyo."

Gugo akapiga paja. Mutie naye alitabasamu, lakini lilikuwa tabasamu la mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikaona anakoroga uji. Sukari nilikuwa sijamwekea.

"Sasa alishikwa aje?" nikauliza.

"Mamake ndiye alimshika, Shosho. Wiki iliyopita meno yakamsumbua, akateremka Ruiru kwa daktari. Kwa stage akachukua boda. Kijana amevaa helmeti na barakoa, haongei. Mama anauliza bei, yeye anaonyesha vidole. Mama anapunguza nusu. Kijana anakubali."

"Anakubali mara moja?" Gugo alikuwa amesimama.

"Mara moja."

"Hapo ndipo alijimaliza. Boda akikubali bei ya kwanza, mama, shuka, angalia vizuri. Huyo si boda, huyo ni mtoto wako."

"Basi akapanda nyuma. Akaona shingo. Akaona sweta ya kijani, ile alimfumia kwa mikono yake mwenyewe ya kuzuia baridi ya Canada. Hakusema kitu. Walipofika akagonga helmeti mara mbili hivi, ko, ko, akamwambia, 'Waweru, nishukishe hapa kando, theluji isiniharibie viatu.'"

Benchi likalia kwa kicheko. Mheshimiwa alimwaga uji kwenye koti lake la kampeni na hakujali. Mtu wa kupita na mkokoteni alisimama, akacheka pia, akaenda zake bila kujua anacheka nini.

"Ngai," nikasema. "Alimbeba miezi tisa, akarudishiwa dakika tisa."

"Na alilipa?" akauliza Gugo.

"Gugo, hata kwa kilio cha mtu wewe unataka kujua nauli."

Kicheko kikapungua, na kesi ikaanza. Kwenye benchi langu hakuna stori inalala bila kuhukumiwa.

"Huyo ashikwe," akasema Mheshimiwa. "Alidanganya umma. Watu waliacha kazi wakamsindikiza."

"Waliacha kazi gani?" akauliza Dianah. "Wale walisindikiza ndio wale hukaa kwa benchi kama hii."

"Mimi naona makosa ni ya kusindikiza," akasema Gugo. "Zamani mtu alikuwa anasindikizwa mpaka kwa mto, mnaachana. Siku hizi mtu anaenda mara moja, lakini watu hamsini wanavaa sare. Wengine hata hawamjui. Mimi nimeshasindikiza mtu nikarudi nikauliza, huyo alikuwa nani?"

"Ulikula?"

"Vizuri sana."

"Kisha mnaagiza," akasema Dianah. "Mtu hajapanda ndege anaambiwa nitumie kiatu namba nane, nitumie simu, tafutia mtoto wangu shule huko. Huyo Waweru angerudi aje? Kijiji kizima kilikuwa kimempa saizi ya viatu."

"Wewe mwenyewe umeagiza Polandi nini?" nikamwuliza.

"Shosho, yangu ni marashi tu. Chupa ndogo. Mbili."

"Mimi mnyororo," akasema Gugo. "Si wa dhahabu kabisa. Wa kufanana."

"Mimi barua ya mwaliko," akasema Mheshimiwa. "Nikajifunze utawala bora."

Wote watatu wakamgeukia Mutie kama kuku wanaoona mkono ukiingia kwenye mfuko wa mahindi.

"Lakini wewe huwezi kutufanyia hiyo mambo ya Waweru," Dianah akamwambia. "Wewe ni mtu wa kanisa."

Mutie akakohoa. "Mimi nilikuwa nataka kuwauliza. Tuseme mtu safari yake imekuwa na shida kidogo."

"Haiwezi," akasema Mheshimiwa. "Nimeandika hotuba. Kurasa nne, pande zote mbili."

"Nasema tu tuseme. Kama ingeahirishwa..."

"Iahirishwe aje na basi imeshakodishwa?" Dianah akanyanyua kidole. "Na mimi nimeshonesha kitenge. Kile cha mabega yamesimama. Hicho mtu hawezi kuvaa mahali ingine isipokuwa kwa airport, nikivaa sokoni nitagonga watu."

"Mimi nimeambia watu wa nyumbani kwa msichana wangu mnyororo uko njiani," akasema Gugo. "Kwanza ndege yako ni saa ngapi? Juzi uliniambia jioni."

"Mimi aliniambia asubuhi," akasema Dianah.

"Ni... inapita mahali," akasema Mutie.

"Umeona?" Mheshimiwa akawatuliza. "Inapita mahali. Ndege si kama boda, Gugo, iko na mambo mengi."

Nikamwangalia huyo kijana. Nimelea watoto sita na wajukuu kumi na mmoja, na kitu kimoja najua: mtu mwenye safari huuliza habari za njia. Huyu tangu Januari hakuwa ameuliza hata kama Polandi wanakula nini. Mara tatu alikuwa amefungua mdomo, na mara tatu watu walikuwa wameufunga kwa kitenge, kwa mnyororo na kwa kurasa nne.

"Kitendawili," nikasema.

"Shosho, si sasa," akasema Gugo.

"Nani anataka kikombe cha pili?"

"Tega," wakasema wote.

Hiyo ndiyo sheria ya sufuria yangu. Kikombe cha kwanza ni cha kila mtu, cha pili kinataka kitendawili. Unayejua, kunywa. Usiyejua unanipa mji, nakuambia jibu, halafu unakunywa pia, maana uji haurudi kwa sufuria. Kwa njia hiyo Mheshimiwa ameshanipa Mombasa, Kisumu na Eldoret. Hajawahi kutawala hata kichochoro, lakini kupeana miji ni hodari.

"Mzigo wangu hauna kilo hata moja," nikatega, "lakini kuutua nashindwa. Na nikisaidiwa kubeba, unazidi."

"Kivuli," akasema Gugo.

"Kivuli nani amekusaidia kubeba?"

"Mimba," akasema Dianah.

"Mimba haina kilo? Wewe umezaa wawili na unaniambia hivyo?"

Mheshimiwa akafunga macho, akafikiria kama mtu anayehesabiwa kura. "Uongozi," akasema.

"Hata. Toeni miji."

"Chukua Ruiru," akasema Gugo. "Na jam yake yote ya asubuhi."

"Mimi Murang'a," akasema Dianah. "Thika siwezi kutoa, niko na stoo."

"Nairobi," akasema Mheshimiwa, kwa sauti ya mtu anayefungua barabara.

"Asanteni. Na wewe, Mutie?"

Mutie alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Uji ulikuwa umeshapoa, umefanya ngozi juu. Jibu alikuwa nalo, hilo nililiona. Lilikuwa limekaa pale kooni kama mbegu ya embe. Akatuangalia mmoja mmoja, akaniangalia mimi mwisho.

"Shosho," akasema polepole, "mimi chukua Polandi."

Palikuwa na pikipiki inapita. Ilipita yote mpaka ikaisha.

"Hapana," akasema Dianah. "Toa ingine. Hiyo unaitumia."

"Siitumii. Visa haikuwako. Wiki tatu zilizopita nilienda kwa ofisi ya ejenti aliyekuwa ananitafutia, ile ya ghorofa ya pili. Nikafungua mlango nikakuta watu wanasuka nywele."

"Ejenti anasuka nywele?" akauliza Gugo.

"Ejenti hayuko, Gugo. Ofisi ni saluni. Mwenye saluni akaniambia mimi ni mtu wa tisa tangu Jumatatu, na kama sisuki nisisimame kwa mlango."

Mutie akaendelea, na sasa alikuwa anaenda kama mtu aliyeteremka mlima breki zikakatika.

"Nilitaka kusema Jumapili, mkaniita mbele mkaniwekea mikono kichwani. Nilitaka kumwambia mwaitu, mama yangu huko Ngoliba, nikapata ameshatangaza. Ng'ombe imezaa ndama, ameipatia jina Polandi. Jirani alikuja kuomba jembe akaambiwa angoje trekta. Sasa mimi ningesema aje? Nikaona afadhali nipande hiyo basi Jumamosi, mniimbie, niingie pale kwa mlango, nikae choo cha airport mpaka mwende. Chumba nilikuwa nimeshatafuta Ruiru."

"Ruiru," akasema Mheshimiwa, kama mtu anayetaja ugonjwa.

"Ruiru wapi?" akauliza Gugo.

"Huko karibu na reli. Caretaker aliniambia nina bahati, kuna chumba kimoja kinaachwa na mtu wa Canada."

Ilichukua muda kidogo kufika. Ilifika kwa Dianah kwanza, akashika mdomo. Ikafika kwa Gugo, akainamisha kichwa kati ya magoti, mgongo ukawa unatetemeka. Nilipoona Mutie mwenyewe ameelewa, na anacheka na machozi yakimtoka, nikaweka mwiko chini. Uji ukashika. Acha ushike.

"Ungekuta manyoya bado," akasema Gugo, hawezi hata kupumua. "Ungepewa funguo na theluji."

Tulipomaliza kucheka kila mtu akakumbuka hasara yake.

"Sasa kitenge changu nitafanyia nini?" akasema Dianah.

"Na mimi? Nirudi kwa akina msichana niseme mnyororo umekwama saluni?"

Mheshimiwa akasimama, akajifuta uji wa kampeni. "Ndugu zangu, tusiharakishe. Basi iko. Hotuba iko. Sare ziko. Kwani lazima mtu asafiri ndio asindikizwe? Twende airport, tuimbe, nisome kurasa zangu, tupige picha, turudi. Mutie tutamshukisha Ruiru wakati wa kurudi, kukiwa na watu wachache."

"Hiyo sasa ndiyo maneno," akasema Dianah. "Hata yeye alikuwa amepanga hivyo hivyo, tofauti ni sisi tutajua."

"Na tutanyamaza," akasema Gugo.

"Gugo, wewe utanyamaza?"

"Mpaka jioni."

Mutie alikuwa anawasikiliza, na nilimwona anaanza kukubali. Hivyo ndivyo mtu hupotea, hasukumwi, anafanyiwa mpango. Nikamnyang'anya kikombe.

"Nilisema nini kwa kitendawili?" nikamwuliza. "Ukisaidiwa kubeba, unazidi. Jibu ni uongo, na hawa wasaidizi unawaona. Toa simu. Mwambie mama yako."

"Shosho, mwaitu atakufa."

"Mama wa Waweru alikufa? Alitengeneza meno. Piga, na uweke sauti tuskie wote, usije ukatuambia ni Kifaransa."

Akapiga. Dianah alisogea mpaka karibu akae kwa magoti ya kijana. Simu ikaita sana, kisha ikaingia sauti ya mama, na nyuma yake upepo na mbuzi.

"Polandi?" akasema Kalondu, mama yake Mutie.

"Ni Mutie, mwaitu."

"Najua ni Mutie. Nilikuwa naita ndama, imeingia kwa shamba la ndengu. Sema."

Mutie akatuangalia. Nikamfanyia kichwa hivi, nenda. Akamwambia yote, ofisi, saluni, mtu wa tisa, choo cha airport, chumba cha Ruiru. Hakuruka hata kimoja. Alipomaliza tukasikia mbuzi tu.

"Mwaitu?"

"Nakuskia." Kisha akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyefunguliwa kamba. "Mwanangu, mimi kanisani nilikuwa naomba uende. Nikifika nyumbani, peke yangu, naomba usiende. Nilikuwa namchanganya Mungu. Sikujua ataskiza ombi gani."

Mutie akaweka mkono kwenye macho. Gugo akaanza kuangalia taa za pikipiki yake, mahali hapakuwa na shida.

"Na trekta je, mwaitu? Na ndama?"

"Jembe nitampelekea jirani leo. Ndama itabaki Polandi, imeshazoea kuitika. Sasa hebu niambie, hiyo basi yenu imerudishwa?"

"Bado."

"Ni ya watu wangapi?"

"Hamsini na moja," akasema Mheshimiwa, akiinamia simu. "Mama, mimi ni kiongozi wa hapa. Tuko tayari kabisa kumsindikiza kijana wetu. Popote."

"Popote?"

"Popote, mama. Kwa moyo wote."

"Mungu awabariki. Mleteni huku Ngoliba hiyo Jumamosi. Ndengu zimekauka, zinapasukia shambani, na mimi niko peke yangu. Mkifika mapema kabla ya jua, watu hamsini tutamaliza ekari mbili ikifika saa saba. Kila mtu aje na gunia lake. Na maji."

Simu ikakatika, au aliikata, ana ndama ya kufukuza.

Watu wakaanza kukusanya vitu vyao.

"Jumamosi ni siku ya gulio," akasema Dianah, akifungafunga leso yake. "Nilikuwa nimesahau. Yaani karibu niache gulio hivi hivi."

"Mimi pikipiki inaingia kwa fundi," akasema Gugo. Alikuwa ameshaiwasha. Ilinguruma vizuri, haikuwa na kitu.

"Gugo, hata wewe?" Mutie akamwuliza.

"Polandi, ndugu yangu, ningekuja. Lakini Ngoliba iko na jua, na mimi ngozi yangu inakataa."

Ngozi ya mtu anayeshinda barabarani kutoka alfajiri. Akaondoka.

Mheshimiwa alibaki amesimama peke yake na neno lake la "popote". Alitafuta mahali pa kuliweka, akakosa.

"Nitawatumia mwakilishi," akasema. "Na hotuba. Mtu anaweza kuwasomea mkiwa mnavuna." Akatoa zile kurasa nne kwa mfuko, akaziweka juu ya benchi kwa heshima, akaenda zake akisalimia watu ambao hawakuwa wamemwona.

Nikabaki na Mutie na sufuria iliyoshika. Akachukua mwiko bila kuulizwa, akaanza kukwangua chini. Akakwangua kwa nguvu, anapiga mbinja. Wiki tatu nilikuwa sijaskia huyo kijana akipiga mbinja.

"Shosho, koti nitavaa Ngoliba?"

"Vaa. Ndengu zitajua mtu wa ng'ambo amekuja."

"Na sanduku?"

"Sanduku linabeba debe mbili na magurudumu linayo. Unataka nini tena?"

Akacheka. Kisha akasimamisha mwiko. "Na wewe utakuja?"

"Nitakuja," nikamwambia, "lakini usiningoje asubuhi sana. Leo nimepewa Polandi nzima, na bado sijaifagia."